ALMASI NA GOLOLI YA MJOMBA

Wahenga walinena kwamba kuuliza si ujinga. Mimi naongeza kwamba kutouliza kuna bei, na katika ukoo wetu bei hiyo naijua: ni shilingi elfu themanini.

Januari, wiki moja kabla ya shule kufunguliwa, mjomba wangu alifika kwetu usiku akiwa amefumbata kitu ndani ya kitambaa cheupe. Alifunga mlango kwa komeo, akamwomba mama avute mapazia, kisha akakifungua kile kitambaa mezani. Mlikuwa na jiwe jeupe, kubwa kama gololi, liking'aa kwa mwanga wa taa. "Almasi," akasema kwa sauti ya chini. "Imetoka Kongo."

Alikuwa ameinunua kwa mtu aliyejuana naye siku nne tu, kwa pesa alizopata baada ya kuuza ng'ombe wake wawili wa maziwa. Mtu huyo alimhakikishia kwamba Nairobi jiwe hilo lingenunuliwa kwa mamilioni. Katika hesabu ya mjomba, faida ingelipa karo yangu na ya binamu zangu wawili mpaka tumalize kidato cha nne, na salio linunue ng'ombe watano. Usiku ule hata mimi nililala nikihesabu ng'ombe.

Wiki tatu zikapita. Simu ya mwuzaji ikawa haipatikani. Kila sonara ambaye mjomba alimwendea alimwambia hashughuliki na mawe. Hatimaye akaniuliza, "Huko shuleni kwenu, kwani hakuna mtu anayejua mambo haya?" Basi Ijumaa moja baada ya michezo, mjomba akaja shuleni, na mwalimu wetu wa kemia akatufungulia maabara.

Yaliyotokea mle nitayasimulia baadaye. Kwanza hebu niwaeleze yale niliyojifunza kuhusu jiwe hili, maana tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma kila kitabu na kila gazeti linalolitaja.

ALMASI NI KITU GANI?

Neno almasi tumelipata kutoka Kiarabu, nao Waarabu walilitoa katika neno la Kiyunani lenye maana ya kisichoshindika. Jina lenyewe tayari ni sifa.

Lakini ukiuliza imeumbwa kwa nini, jibu litakushangaza. Almasi ni kaboni tupu, na kaboni ndiyo iliyo katika makaa tunayopikia. Ndiyo hiyo hiyo iliyo katika penseli unayochorea grafu, kwa maana ule weusi wa penseli ni grafaiti iliyochanganywa na udongo wa mfinyanzi. Tulifundishwa haya katika kidato cha pili, tukayakariri kwa ajili ya mtihani, tukayasahau.

Tofauti iko katika namna chembe za kaboni zilivyoshikana. Katika grafaiti, chembe zimepangwa tabaka juu ya tabaka, kama chapati zilizopangwa sahanini. Tabaka moja huteleza kwa urahisi juu ya jingine, ndiyo maana penseli huacha alama karatasini. Katika almasi, kila chembe imeshikwa na nyingine nne pande zote, nazo zimeshikwa na nyingine, mpaka jiwe zima likawa kama jengo moja lisilo na kiungo dhaifu. Mali ni ile ile, mpango tu ndio tofauti. Mwalimu wetu alisema hata darasa huwa hivyo: wanafunzi ni wale wale, ila kuna darasa linaloteleza na darasa linaloshikamana.

Kwa sababu ya kushikamana huko, almasi ndicho kitu kigumu kuliko madini mengine yote yanayopatikana ardhini. Mwaka 1812 Mjerumani Friedrich Mohs alitunga kipimo cha ugumu kuanzia 1 hadi 10. Katika kipimo hicho ukucha wa mtu ni kama 2 na nusu, kioo ni kama 5 na nusu, yakuti ni 9, na almasi ni 10. Wala usidhani kutoka 9 hadi 10 ni hatua ndogo, kwani almasi imeiacha yakuti mbali sana. Ndiyo maana anayetaka kuikata almasi hana budi kutumia almasi nyingine au vumbi lake.

Hapa kuna kosa ambalo watu wengi hulifanya. Wao hudhani kitu kigumu hakivunjiki. La hasha! Ugumu maana yake ni kutokwaruzwa. Almasi ukiigonga kwa nyundo upande wake dhaifu, itapasuka. Inasikitisha kufikiria wangapi wameponda mali yao kwa nyundo wakisema ati wanaijaribu. Kosa la pili ni kuamini kwamba moto hauiwezi. Mwaka 1772 mwanasayansi Mfaransa Antoine Lavoisier aliichoma almasi kwa kukusanya miale ya jua kwa lenzi, na mwaka 1797 Mwingereza Smithson Tennant akathibitisha kwamba hewa inayotoka almasi ikiungua ni ile ile inayotoka makaa yakiungua. Malkia na mpika chapati, kumbe wanamiliki kitu kimoja!

Je, almasi hutengenezwa wapi? Si kweli kwamba ni makaa ya mawe yaliyobanwa, ingawa wengi husema hivyo. Almasi nyingi zilijiunda chini mno ya miguu yetu, kiasi cha kilomita 150 hadi 200, mahali penye joto kali na mgandamizo usiosemeka. Nyingi zina umri wa miaka kati ya bilioni moja na bilioni tatu na zaidi, yaani zilikuwako kabla mmea wowote haujaota nchi kavu. Zilipandishwa juu na milipuko ya volkeno za aina ya pekee, iliyoacha ardhini nguzo za mwamba zenye umbo la karoti. Mwamba huo huitwa kimbalaiti. Mvua na mito ikaumomonyoa, ikazisomba almasi hadi kwenye changarawe. Kwa hiyo almasi huchimbwa ndani ya nguzo hizo, au hutafutwa mtoni kwa chekecheke.

MAABARA YA IJUMAA

Turudi sasa kwa mjomba. Mwalimu hakuligonga jiwe wala hakulichoma. Alilipima kwa mizani akapata gramu 10. Kisha akaniuliza, "Almasi hupimwa kwa nini?" Nikajibu, "Kwa karati." Karati moja ni sehemu ya tano ya gramu, na jina lake linatokana na mbegu za mti wa kharubu ambazo wafanyabiashara wa kale walizitumia kama mawe ya mizani. "Basi gramu 10 ni karati ngapi?" Nikapiga hesabu: karati 50. Mwalimu akanyamaza kidogo, akasema almasi safi ya karati 50 hutangazwa magazetini duniani kote. Haiuzwi kwa bei ya ng'ombe wawili.

Mjomba akasema pengine mwuzaji hakujua thamani yake.

Ndipo mwalimu akalifunga jiwe kwa uzi, akalipima tena likiwa limening'inia ndani ya maji. Safari hii mizani ilisoma gramu 6. Wale wanaosoma fizikia watakumbuka kanuni ya Archimedes. Jiwe lilipoteza gramu 4 majini, na 10 ukigawa kwa 4 unapata 2 na nusu. Maana yake ni kwamba jiwe lile lilikuwa zito mara mbili na nusu kuliko maji ya ujazo ule ule. Hiyo ndiyo densiti ya kioo cha kawaida. Densiti ya almasi ni kama 3 na nusu. Lingekuwa almasi, mizani ingesoma gramu 7 na zaidi majini.

Mjomba aliitazama mizani muda mrefu. Kisha akauliza swali ambalo sitalisahau: "Hata kidogo, ndani yake hamna?"

HISTORIA YAKE

Kwa zaidi ya miaka elfu mbili, karibu almasi zote za dunia zilitoka Bara Hindi, hasa sehemu za Golconda. Ndiko ilikotoka Koh-i-Noor, jiwe lililopita mikononi mwa wafalme wa Kimoghuli, wa Uajemi, wa Afghanistan na wa Kisikh, mpaka Waingereza walipolichukua mwaka 1849 kutoka kwa mfalme mtoto aliyeshindwa vitani. Hadi leo limo katika taji moja huko London, na Bara Hindi linadai lirudishwe. Katika miaka ya 1720 almasi zikaonekana Brazil.

Afrika iliingia katika hadithi hii kwa mkono wa kijana mdogo kuliko mimi. Karibu na mji wa Hopetown, Afrika Kusini, mvulana wa miaka 15 aitwaye Erasmus Jacobs aliokota jiwe linalometameta kando ya Mto Orange, akalifanya la kuchezea. Jiwe hilo, lililotambuliwa mwaka 1867, lilikuwa almasi ya karati 21. Yeye alikuwa na almasi akidhani ni gololi, mjomba wangu alikuwa na gololi akidhani ni almasi. Dunia ina mizaha yake.

Mwaka 1869 mchungaji mmoja wa Kigriqua aliokota jingine la karati 83. Aliliuza kwa kondoo 500, ng'ombe 10 na farasi mmoja. Kwake ulikuwa utajiri, lakini aliyelinunua aliliuza mara moja kwa zaidi ya pauni 11,000.

Baada ya hapo watu walimiminika kama siafu. Mwaka 1871 uchimbaji ulianza pale palipokuja kuitwa Kimberley, na jina la mwamba wa kimbalaiti limetokana na mji huo. Palikuwa kilima, kikawa shimo la kina cha kama mita 240, lililochimbwa kwa sururu na sepetu hadi lilipofungwa mwaka 1914. Zilipatikana mle almasi za kilo 2,720. Lakini waliochimba hawakuzivaa. Wafanyakazi Waafrika walifungiwa kambini kwa miezi mingi, wakapekuliwa miili yao wasije wakameza jiwe. Cecil Rhodes alizinunua sehemu za wenzake moja baada ya nyingine, na mwaka 1888 akaunda kampuni ya De Beers. Kwa takriban miaka mia moja kampuni hiyo iliishika biashara ya almasi ulimwenguni kama mtu anavyoishika bomba la maji, ikifungua na kufunga ili bei isishuke.

Almasi kubwa ya vito kuliko zote zilizowahi kupatikana ilichimbuliwa Afrika Kusini mwaka 1905. Inaitwa Cullinan, nayo ilikuwa na karati 3,106, yaani gramu 621. Ule mkate wa gramu 400 tunaonunua dukani ni mwepesi kuliko jiwe hilo! Serikali ya Transvaal ilimzawadia Mfalme Edward wa Saba wa Uingereza, na mwaka 1908 likapasuliwa huko Amsterdam na Joseph Asscher. Vilitoka vipande tisa vikubwa, na kikubwa kabisa, cha karati 530, kimo katika fimbo ya kifalme huko London. Mwaka 2024 Botswana ilichimbua jiwe la karati 2,492, la pili kwa ukubwa kwa upande wa vito.

Hata jirani zetu Watanzania wamo. Mwaka 1940 mwanajiolojia kutoka Kanada, John Williamson, baada ya kutafuta kwa miaka bila pesa, aligundua nguzo ya kimbalaiti ya Mwadui, karibu na Shinyanga, mojawapo ya zile kubwa zaidi duniani. Kutoka mgodi huo lilipatikana jiwe la rangi ya waridi la karati 54 na nusu. Williamson alimpa Binti Mfalme Elizabeth mwaka 1947 alipoolewa, miaka minne na zaidi kabla hajafikiwa na habari za kifo cha babake akiwa huku kwetu Kenya. Mgodi wa Mwadui unachimbwa hadi leo.

KWA NINI WATU WANAIPENDA?

Sababu ya kwanza ni mwanga. Almasi huupinda mwanga kuliko kioo, ikaufungia ndani, ikaurudisha juu ukiwa umegawanyika rangi kama upinde wa mvua. Lakini almasi mbichi haing'ai hivyo. Aghalabu hufanana na chumvi ya mawe au kipande cha kioo kilichochakaa. Anayeifanya ing'ae ni mkataji. Ndiyo maana jiwe la mjomba lilipaswa kututia shaka tangu mwanzo: lilidaiwa kuwa limetoka mgodini jana na tayari lilikuwa limesuguliwa!

Sababu ya pili itawashangaza. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Almasi, pamoja na uzuri wake wote, ilitembezwa. Mwaka 1938, bei ikiwa imeanguka, De Beers ilikodi kampuni ya matangazo ya Marekani. Waigizaji wa sinema walivishwa vito, na wahadhiri wakatumwa hadi katika shule za sekondari za Marekani kuwazungumzia wasichana juu ya pete za uchumba. Mwaka 1947 mwandishi wa matangazo, Frances Gerety, akatunga maneno machache yaliyodai kwamba almasi ni ya milele. Dunia ikaamini. Huko Japani, mwaka 1967 wachumba waliovishwa pete ya almasi hawakufika watano katika kila mia, na kufikia 1981 walikuwa kama sitini. Si kwamba Wajapani hawakuwa wakipendana hapo awali!

Sisemi pete ni mbaya. Nasema tu kwamba mjomba hakudanganywa na mtu mmoja. Yule laghai alikuta kazi imekwisha kufanywa. Mjomba hakuwahi kuiona almasi maishani mwake, lakini alijua kwamba ni utajiri.

DAMU NA MATUMAINI

Almasi ina uso mwingine. Nchini Sierra Leone, vita vya mwaka 1991 hadi 2002 viligharamiwa kwa sehemu kubwa na almasi za mtoni. Waasi waliwakata raia mikono na kuwatia watoto bunduki begani. Charles Taylor, aliyekuwa rais wa Liberia, alihukumiwa mwaka 2012 kifungo cha miaka 50 kwa kuwasaidia waasi hao. Kilio hicho ndicho kilichozaa Mpango wa Kimberley, ulioanza kazi mwaka 2003, ambao hutaka almasi mbichi zinapovuka mpaka ziwe na cheti cha serikali. Hata hivyo mpango huo huangalia hasa almasi za waasi. Mchimbaji akidhulumiwa na askari wa serikali au na tajiri, cheti hutolewa vile vile.

Lakini tusiseme jiwe ndilo lenye laana. Botswana ilipata uhuru mwaka 1966 ikiwa miongoni mwa nchi maskini kabisa, na mwaka uliofuata almasi zikapatikana Orapa. Serikali yake ilipigania hisa mpaka ikawa na nusu ya kampuni ya uchimbaji, na pesa zikajenga barabara, zahanati na shule. Jiwe ni lile lile, kaboni ile ile. Kama yale ya penseli, tofauti ni mpango.

Sasa Botswana nayo ina wasiwasi, maana almasi zinatengenezwa viwandani. Wanasayansi wa kampuni ya General Electric, Marekani, walifaulu mwaka 1954, na leo viwanda hutoa almasi safi ambazo sonara hawezi kuzitofautisha kwa macho. Si bandia, ni kaboni kamili, na bei yake ni sehemu ndogo tu ya bei ya zile za ardhini. Nyingi hazivaliwi. Hutiwa katika ncha za keekee za kutobolea miamba na katika misumeno ya kukatia mawe. Pengine hiyo ndiyo heshima ya kweli ya almasi, yaani kufanya kazi.

KWA KUMALIZIA

Wenzangu, mtu akikuletea jiwe, usilikwaruze kioo ukadhani umelitambua, kwani hata mawe meupe ya barabarani hukwaruza kioo. Usiligonge. Litafutie mtu mwenye ujuzi na vifaa, na umtafute kabla ya kutoa pesa. Na yeyote akuuziaye utajiri kwa bei ya ng'ombe wawili, mwulize kwa nini yeye hautaki. Tamaa mbele, mauti nyuma.

Mjomba aliripoti kwa polisi, lakini mtu yule hajapatikana. Muhula wa kwanza nilirudishwa nyumbani mara mbili kwa sababu ya karo, na siku hizi kwa mjomba maziwa hununuliwa dukani. Nilipomwambia kwamba ningependa kuandika makala haya, nilitarajia akasirike. Alifikiri kidogo, akasema, "Andika, mpwa wangu. Ila jina langu usiliweke." Kisha akanipa lile jiwe. Ninalo hapa mezani ninapoandika, kando ya penseli yangu. Kati ya viwili hivyo, chenye kaboni ya almasi ni penseli.